Jina Moja, Namba Mbili

Mirina, Limnos
10 Januari 1993

Baba Mkubwa Lazaros,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako, kwa Mama Mkubwa Areti na kwa dada yangu Poli. Sisi huku wazima, isipokuwa Bibi, mamake Mama, ambaye nyonga yake inapona polepole ingawa ulimi wake umepona siku nyingi. Jana alimwambia daktari, "Mikono yako ni baridi kuliko ya marehemu mume wangu." Mama anamgeuza kitandani, mimi namwogesha, na matusi tunapokea kwa zamu. Upepo haujatulia tangu tufike kisiwani, meli ya Jumanne haikuja, kwa hiyo barua hii itachelewa. Simu ya karibu iko mkahawani, na ikilia wazee wote huweka karata chini wasikilize.

Sijakushukuru vya kutosha kwa mwezi uliopita. Ulituandikisha wote wawili kwenye mtihani wa Umahiri wa Kiingereza kwa jina la shule yako, ukatupeleka Thesaloniki, ukasimama nje kwenye baridi siku mbili kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Ule ukumbi bado nauona: meza mia mbili, na juu ya kila meza kikadi cha namba. Msimamizi alipoita "Polikseni Tsiara" tulisimama wawili. Poli akamweleza kwamba bibi yetu mzaa baba, marehemu, ni mmoja, na wajukuu wa kwanza huku kwetu hubeba jina lake. Yule mama akatafuta majina ya baba zetu kwenye orodha, akakosa, akasema Waingereza hawana nafasi ya jina la baba kwenye fomu zao. "Kaeni tu," akatuambia. "Leo namba ndiyo jina lenu."

Kusoma na insha sina wasiwasi. Karatasi ya tatu, ile ya kujaza mapengo, ilinitoa jasho. Kusikiliza kaseti kulikuwa kwepesi, ingawa Poli alilalamika kwamba spika ilikoroma. Kwenye mahojiano walinipa picha ya mwanamke aliyekaa kituo cha treni na mizigo mitatu. Nikasema anamngoja mtu ambaye hatakuja. Mtahini akauliza nimejuaje, nikamwambia ameshavua viatu. Yule mzee alicheka hadi akaacha kuandika.

Kuna bibi mmoja hapa, Efterpi, mwenye shule ya Kiingereza. Amesema nikimwonyesha kibali cha kufundisha, darasa la watoto wa miaka kumi ni langu kuanzia Septemba. Kibali hakitoki bila cheti cha Umahiri, hilo unalijua kuliko mimi. Nikikikosa, narudi kwenye karakana ya manyoya kuunga vipande vya ngozi za miguu na mikia ya wanyama kama Mama, mpaka macho yaishe. Matokeo yatakuja shuleni kwako mwezi wa tatu. Yakifika usingoje meli, nipigie mkahawani. Wazee nao wasikie.

Mwanao,
Kseni


Siatista
2 Februari 1993

Kseni mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na harufu ya bahari, Mama Mkubwa wako ameinusa kabla sijaisoma. Huku theluji imefika madirishani. Divai ya mwaka huu ni nzuri, nimekuwekea chupa mbili za ile tamu. Karakana mbili za manyoya zimefungwa baada ya Krismasi na vijana wanakaa uwanjani wakitazamana. Poli anakusalimu. Hali chakula vizuri tangu mtihani. Hii ni mara yake ya nne, na ameniambia ikishindikana hatafanya tena.

Ondoa wasiwasi. Nimepeleka wanafunzi kwenye mtihani huu miaka kumi na tisa. Karatasi zinakwenda Uingereza kwenye masanduku yaliyofungwa, msahihishaji haoni uso wala jina, anaona namba. Hampendelei mtoto wa waziri wala hamwonei yatima. Ndiyo maana naupenda. Katika nchi hii kila kitu kina mjomba wake ofisini, huu hauna.

Wewe nilikufundisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni, tangu mwaka ule mdogo wangu alipofariki, ukiwa na miaka tisa na miguu haifiki sakafuni. Nakujua. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Tulia, mwuguze Bibi yako.

Baba yako Mkubwa,
Lazaros


Mirina
22 Machi 1993

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo. Bibi ametembea hatua kumi na moja kwa fimbo, kisha akaitupa fimbo kwa hasira kwa sababu Mama alipiga makofi. Mama anawasalimu.

Sitaki kuonekana mtu wa pupa, lakini wanafunzi wa bibi Efterpi wamepata matokeo yao tangu wiki mbili zilizopita. Nilikuandikia tarehe sita, nikatuma na kadi tarehe kumi na tatu. Labda meli zimekula barua. Mama ananikemea, anasema baba yako mkubwa ana shule ya kuendesha, hana kazi ya kukukimbilia wewe. Basi niambie neno moja tu, ndiyo au hapana, hata kwa mkaa nyuma ya kibiriti.

Efterpi amenikumbusha kwamba kuandikishwa kwa mtihani wa Juni kunafungwa mwisho wa mwezi huu. Kama nimeanguka ningependa kujua kabla mlango haujafungwa.

Kseni


Siatista
5 Aprili 1993

Mwanangu Kseni,

Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Mafua, kisha bomba la shule likapasuka, kisha mfungo, na unajua Mama Mkubwa wako wakati wa mfungo, anatulisha dengu mpaka tunaota dengu. Theluji imeyeyuka. Mizabibu nimeikata matawi peke yangu mwaka huu, mgongo unanikumbusha kila asubuhi. Kengele mpya ya kanisa imefika na sauti yake si nzuri kama ya zamani, lakini padri hataki kusikia.

Matokeo yamekuja. Poli amefaulu kwa B. Hatukuamini. Mama Mkubwa wako aligawa keki mtaa mzima, tena katikati ya mfungo.

Wewe umepata D. Nadhani mahojiano ndiyo yaliyokuangusha. Wale wazee hucheka na kila mtu, kisha wanaandika wanachoandika. Usilie. Wewe ni kijana, kichwa unacho, Desemba si mbali.

Lazaros


Mirina
21 Aprili 1993

Baba Mkubwa,

Kristo amefufuka. Shikamoo, na mpokee salamu za Pasaka kutoka kwetu sote. Tulipaka mayai rangi nyekundu, tukayagonganisha kuona la nani litabaki zima, Bibi akatushinda sote.

Nililia, siwezi kukuficha. Nililia jikoni, nikalia kanisani wakadhani ni imani. Mama akatoa mkasi wake wa manyoya kwenye mkoba, akaunoa, akaurudisha. Nilielewa.

Mwambie Poli nampongeza kwa moyo wote. Mara nne si mchezo. Nimemwandikia barua yake mwenyewe lakini hajajibu, labda ana shughuli nyingi.

Nina ombi moja. Efterpi anasema mtu akiona matokeo hayaendani na alivyofanya, anaweza kuomba karatasi zake zipitiwe upya. Anashangazwa na hayo mahojiano, nami pia. Inatakiwa namba yangu iliyoko kwenye karatasi ya matokeo. Tafadhali nitumie hiyo karatasi, hata kama inauma kuitazama.

Kseni


Siatista
10 Mei 1993

Kseni,

Amefufuka kweli. Sote wazima.

Ile karatasi iliharibika siku bomba lilipopasuka. Na kupitia upya ni kujisumbua bure, Waingereza hawabadilishi neno lao. Jiandae kwa Desemba. Nitakuandikisha mimi mwenyewe.

Chupa zako mbili zipo.

Lazaros


Mirina
14 Juni 1993

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo mara mia. Kaa kwanza. Umekaa?

Nilikuwa napeleka koti langu la baridi kufuliwa, nikapekua mifuko. Nikakuta tiketi ya basi, karanga mbili na kile kikadi kilichokuwa juu ya meza yangu Thesaloniki. Niliondoka nacho kwa bahati mbaya. 0231. Efterpi akapiga simu kule kituo cha mtihani, akataja namba. Wakamjibu mbele yangu kwamba 0231 amefaulu kwa B. Aliyepata D ni 0232. Poli alikaa meza iliyofuata yangu, Baba Mkubwa. 0232 ni Poli.

Nilimkumbatia Efterpi, nikamkumbatia na mwenye mkahawa. Kisha nikakaa nikamwonea Poli huruma, maana furaha yake imetoka mfukoni kwangu bila yeye kujua. Hakuna wa kulaumiwa. Jina ni moja, ukoo ni mmoja, karatasi ya Kiingereza haina jina la baba. Mtu yeyote angechanganya, hata wewe na miaka yako kumi na tisa. Bibi Polikseni angekuwa hai angecheka, kwamba amefanya mtihani akiwa kaburini, akafaulu na kuanguka siku moja.

Kituo kinasema kusahihisha ni jambo dogo. Wewe kama mwenye shule uandike tamko kwamba 0231 ni Polikseni Tsiara wa marehemu Stathis, ugonge muhuri. Ukilituma wiki hii, kibali kitatoka kabla ya Septemba. Mwambie Poli taratibu. Mwambie nitamfundisha mimi hadi afaulu, neno langu hilo.

Kseni wako


Mirina
12 Julai 1993

Bwana Lazaros,

Bibi hajambo. Mama hajambo.

Nimengoja wiki nne. Katika wiki hizo Efterpi aliandika tena kituoni kuuliza utaratibu wa hilo tamko, tukidhani labda hujui pa kulipeleka. Wamejibu kwamba hakuna haja, tamko la mwenye shule wanalo tayari kwenye faili. Wametuma nakala.

Mwandiko wako naujua, ndio ulionifundisha kuandika. Umeandika kwamba 0231 ni Polikseni Tsiara binti wa Lazaros, na 0232 ni Polikseni Tsiara binti wa Stathis. Muhuri wa shule, saini, tarehe 8 Machi.

Tarehe nane Machi. Mimi nilikuwa naandika kadi za kukuuliza afya yako. Ukakaa na jambo hilo mpaka tarehe tano Aprili, siku tano baada ya mlango wa Juni kufungwa, ndipo ukaniandikia habari za kengele ya kanisa.

Nimeumia. Sijui neno kubwa kuliko hilo. Ungenipiga ningesema baba kapiga mwanawe. Ulinichukulia kitu kimoja nilichokipata kwa kichwa changu, kisha ukaniambia nisilie. Na mahojiano, hata hayo ulinichafulia. Miezi mitatu nimekuwa nikijilaumu kwa kuwachekesha watu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nalisema neno hilo tu, kama wengine.

Kituo kimenitumia fomu ya malalamiko. Iko mezani. Nikiisaini, cheti kinarudishwa, na shule yako haitaandikisha mtahiniwa tena.

Polikseni Tsiara wa Stathis


Siatista
3 Agosti 1993

Kseni,

Nimeona hukuniamkia. Haki yako.

Nimeandika barua hii mara sita. Nilitaka kukwambia kwamba nilichanganya, na ungeniamini, ulikuwa umeshaniandikia maneno ya kusema. Lakini umeona tarehe.

Bahasha mbili zilikuja Jumamosi. Poli alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama pale kila Jumamosi tangu Februari. Nikafungua, nikaona B na D, jina lile lile juu ya zote mbili. Akaniuliza, "Baba, ya kwangu ni ipi?" Nikampa ile nzuri. Mkono ulikwenda wenyewe. Alipiga magoti pale sakafuni, Kseni, mwanamke wa miaka ishirini na sita. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya kesho yake iwe ngumu zaidi. Jumatatu nikaandika lile tamko.

Yeye hajui. Nakuapia kwa kaburi la baba yako kwamba hajui. Anafundisha watoto wadogo, chumba cha chini, anaimba nao. Hajawahi kuimba. Cheti nimekitia fremu na kipande cha karatasi ngumu kinachofunika namba.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe utafaulu siku yoyote utakayotaka, hata Desemba hii, hata ukiwa na homa. Yeye hatafaulu kamwe, mimi ni mwalimu wake, najua. Nilihesabu kwamba mwenye vingi hatakufa akipungukiwa na kimoja. Nakuomba usisaini. Si kwa ajili yangu. Baba yako angekuwa hai angekuomba hivyo hivyo.

Lazaros


Mirina
23 Septemba 1993

Baba Mkubwa,

Leo ni sikukuu ya mtakatifu wa jina letu, mimi na Poli. Unajua tayari kwamba yuko hapa, maana aliacha karatasi juu ya meza ya jikoni. Afya yake ni nzuri. Mwambie Mama Mkubwa asihangaike, anakula, na Bibi amempenda kwa sababu anajibu matusi.

Nikwambie yote kwa mpango, kama ulivyonifundisha.

Barua yako ya Agosti niliisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Nilikasirika zaidi, si kidogo. Mwenye vingi, ulisema. Nilikuwa na kimoja. Na uchungu wa mwana, nilidhani nami nilikuwa mwana humo nyumbani. Sasa najua nilikuwa mgeni aliyekaa muda mrefu. Lakini sikusaini. Fomu ilikaa chini ya sahani ya matunda, kila siku naifuta vumbi naiacha. Lile darasa la Efterpi lilianza tarehe kumi na tatu, na mwalimu mwingine. Asubuhi hiyo nilimwona akipita na chaki mkononi, nikarudi ndani. Mama akaniuliza kwa nini nisisaini. Nikamwambia Poli anaimba.

Jumanne jioni meli ilikuja, na Poli akashuka na mfuko mmoja na kitu cha bapa kilichofungwa kwa taulo. Sikujua nimkumbatie au nimfukuze. Alikaa jikoni, akakifungua. Fremu yako. Kile kipande cha karatasi ngumu alikuwa ameshakitoa.

Aliishusha ukutani mwezi wa saba apanguse vumbi, kioo kikateleza. Akaona namba. Yake aliikumbuka, aliitazama kwenye meza ile siku mbili nzima akiiombea. Nilimuuliza kwa nini hakusema basi, miezi miwili yote hiyo.

"Nilimngoja Baba aseme," akaniambia. "Kila chakula cha usiku nilinyamaza makusudi nimwachie nafasi. Akaongea habari za zabibu."

Akaniuliza kama namchukia. Nikamwambia kidogo. Akasema ni sawa, hata yeye anajichukia kidogo, kwa sababu baada ya kuiona namba alifundisha wiki mbili zaidi, watoto walikuwa katikati ya wimbo na alitaka waumalize. Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuliweka kwenye hesabu zako. Alisema katika mitihani yote minne, siku iliyomuuma si yoyote ya zile alizoanguka. Ni siku ile ya Julai, alipojua kwamba baba yake mzazi, aliyemfundisha tangu utoto, hakuamini angefaulu.

Fomu niliitoa chini ya sahani nimwonyeshe tu. Sikumwomba kitu. Aliisoma yote, hata maandishi madogo, Kiingereza chake si kibaya kama unavyodhani. Penye sehemu ya shahidi akaomba kalamu. Akaandika namba yake, 0232, akaandika jina, na pale ambapo Waingereza hawakuacha nafasi, pembeni, akabananisha jina la baba. Wa Lazaros. Akasaini. Mimi nikasaini baada yake. Imeondoka na meli ya leo asubuhi.

Efterpi amesema Januari kuna darasa jingine, kibali kikitoka. Poli anataka kukaa hapa majira ya baridi. Anamsomea Bibi vitabu, na jioni ananiomba nimpe picha azielezee. Desemba atafanya tena, kwa jina la shule ya Efterpi. Huenda akaanguka. Nimemwambia matokeo yatamjia yeye mwenyewe, kwa anwani yake, na atafungua bahasha kwa mkono wake.

Chupa zile mbili mpe padri. Shikamoo sikuiandika juu, nilitafuta pa kuiweka sikupata.

Tulipokuwa wadogo, kila tarehe kama ya leo ulinunua keki moja, jina likaandikwa mara moja, ukasema inatutosha wote wawili kwa kuwa jina ni moja. Tulicheka kila mwaka. Leo asubuhi tulikwenda dukani na Poli, tukanunua mbili.

Kseni